Picha ya Dada Yangu Imekwama Kwenu

Ndugu Mkuu wa Huduma kwa Wateja,

YAH: PICHA YA DADA YANGU MNAYOIKALIA TANGU JUMATATU

Salamu nakupa kwa sababu nimelelewa. Mlichonifanyia wewe na kampuni yako ya simu hakistahili hata salamu, lakini huko tutafika.

Mimi ni mpiga picha wa studio, sasa nimestaafu. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa na chumba cha mbele chenye pazia la bluu na stuli ya kuzunguka, na chumba cha nyuma, chumba cha giza, nilimosafishia picha kwa mikono yangu mwenyewe. Mtaani wananiita Mzee Tabasamu, maana ndilo neno nililokuwa nikiwaambia wateja kabla ya kubonyeza. Mwenyewe si mtu wa kutabasamu ovyo, na tangu Jumatatu ndiyo kabisa.

Jumatatu hiyo, saa nne asubuhi, dada yangu mkubwa alinitumia picha kwa simu. Picha yenyewe sijaiona. Nilichoona ni maandishi kwamba nina ujumbe mpya wa picha, niguse ili kuupakua, na kwamba muda wake unaisha Ijumaa. Nikagusa. Kikatokea kiduara, kikazunguka weee, halafu yakaja maneno mekundu: imeshindikana, jaribu tena baadaye. Leo ni Jumatano. Hiyo baadaye yenu nimeijaribu mara sitini na ushee. Sasa nimekaa kitako nawaandikia, na barua hii nitaileta kwa mkono, kwa sababu kitu changu nikikipitisha kwenu najua kitakwama.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Mniambie picha imefika au haijafika. Katika studio yangu picha ilikuwa tayari au haikuwa tayari. Mteja alikuja, nikamwambia njoo Alhamisi, akaja Alhamisi, akachukua bahasha yake akaenda zake. Hakuna siku niliyomwita mteja dukani nikamwonyesha bahasha kwa mbali, nikamwambia humu ndani mna picha yako, uzito wake ni huu, imetoka kwa dada yako, ila huioni. Ningepigwa. Na ningestahili.

2. Nimepiga simu kwenu mara kumi na moja, nikazungushwa kama mpira wa makaratasi. Binti wa kwanza alikuwa na adabu, mzee wangu hapa, mzee wangu pale, nikadhani nimepata mtu. Akaniambia nizime simu, niiache ipumzike, kisha niiwashe. Nikatii. Akaniambia nitoe laini niirudishe. Nikaazima kibanio cha nywele kwa msusi wa saluni ya jirani, nikaitoa, ikaniponyoka ikaingia chini ya kabati. Mtu wa miaka sitini na nane nikalala kifudifudi, tochi mdomoni, rula mkononi, nakwangua vumbi la miaka. Nilipoirudisha, kiduara kikazunguka kama kawaida yake. Binti wa pili akanitumia kitu anachokiita mipangilio, akasema nikihifadhi na mambo yatakaa sawa. Nilikihifadhi. Kimehifadhika. Mambo hayajakaa.

Wa tatu ndiye aliyenimaliza. Aliniambia simu yangu imejaa, kwa hiyo nifute picha ili nipate nafasi ya picha. Ndugu Mkuu, hebu lisome tena hilo neno kwa neno, taratibu, ukiwa umekaa. Mimi, niliyetunza sura za mji mzima kwenye maboksi ya viatu, naambiwa nifute! Nilifuta kumi na moja, moyo unaniuma, na bado nikaambiwa nijaribu tena baadaye. Wa nne akasema labda ni mtandao, nitafute mahali pa wazi. Nikaenda pale kona, mbele ya bucha, nikasimama mkono juu na simu yangu. Muuza nyama akatoka na kisu chake kuniuliza najisalimisha kwa nani. Wateja wake walicheka mpaka wakasahau kupanga foleni. Nikasimama hivyo hivyo robo saa, kwa sababu nilikuwa nimeagizwa na kampuni.

3. Hili ndilo kubwa. Wafanyakazi wenu wote, kuanzia binti wa kwanza mpaka yule bwana mwenye tai aliyeko dirisha la pili ofisini kwenu, wana wimbo mmoja: washa data. Sijamaliza hata kueleza shida yangu, washa data. Nikisema habari za asubuhi, washa data. Yule bwana mwenye tai hakuinua hata macho, akanyoosha kidole kwenye simu yangu akitaka kuiwasha yeye. Nikamnyang'anya simu, nikaondoka zangu. Mlinzi wenu ni shahidi, alinifungulia mlango.

Naomba mnisikilize vizuri hapa, maana naona hamjui kazi. Picha ambayo haijatoka haiwashiwi kitu. Hilo ni la kwanza kabisa kujifunza. Picha ikiwa bado kwenye dawa, mlango unafungwa, taa inazimwa, na asiyehusika anakaa nje. Nimewahi kumfukuza kazi mpwa wangu mwenyewe, damu yangu, kwa kuwasha taa chumba cha giza, akaunguza harusi nzima ya watu. Sasa leo picha ya dada yangu iko njiani, haijakamilika, haijaonekana, na watoto waliozaliwa juzi wananiambia washa, washa, washa. Hawa wameshaunguza picha za watu wangapi? Mimi hiyo data nimeizima tangu siku niliyoinunua simu, na itaendelea kuzimwa. Simu yenyewe nimeifunga kwenye kitambaa cheusi nikaiweka kwenye droo, ili asije mjuaji mwingine akapita akaibonyeza.

Na msije mkaniambia kwamba sina intaneti. Intaneti ninayo. Msusi amenipa ya saluni yake, naisoma nayo taarifa ya habari bila wasiwasi. Kama habari za dunia nzima zinapita hapo, uso wa dada yangu unashindwaje? Binti wenu wa tano akasema ujumbe wa picha haupiti huko, unapita kwenye njia ya kampuni peke yake. Ahaa! Kumbe! Mna njia yenu, mmeweka geti lenu, halafu mnamuuliza mteja kwa nini hapiti.

4. Yule mwanamke wa kwenye mashine anayesema simu yangu ni muhimu sana kwenu. Mwambieni aache uongo. Amenishikilia sikioni dakika thelathini na tano na muziki wa kinanda.

5. Nimeambiwa Ijumaa picha itafutika. Siku tano tu! Nyinyi mna jengo la ghorofa sita, lifti mbili, na maua ya plastiki mapokezi, mnashindwa kutunza picha moja kwa zaidi ya siku tano? Mimi nilikuwa na rafu moja ya mbao. Kuna wachumba walikuja kupiga picha wakagombana kabla ya Alhamisi, hakuna aliyerudi. Nimeitunza picha yao miaka kumi na tisa, haina hata doa. Mtu hafuti sura ya mtu kwa sababu siku zimepita. Huo ni uhuni wa mchana kweupe.

6. Sasa mtaniuliza, na bwana mwenye tai aliniuliza: kwa nini usimpigie dada yako atume tena?

Hili si lenu, lakini nitalisema, maana naona bila kulisema hamtashughulika. Mimi na dada yangu hatujasemeshana miaka tisa. Nilipiga picha za familia kwenye harusi ya binti yake. Shemeji yangu, mumewe, alifumba macho katika kila moja, na katika hiyo nzuri kuliko zote alikuwa amesimama pembeni kabisa, akiharibu mstari. Nilipoisafisha nikamkata. Ilipendeza sana. Miezi mitatu baadaye shemeji akafariki, na ile ndiyo ikawa picha ya mwisho ya familia nzima, na yeye hayumo. Dada alikuja studio akaniuliza kwa nini. Badala ya kumwomba radhi nikamweleza jinsi picha inavyopangwa. Nilimweleza kwa kirefu. Nilimchorea hata na penseli. Akanisikiliza mpaka mwisho, akachukua mkoba wake, akatoka, na mimi nikajisemea kwamba atarudi akishatulia.

Ndugu Mkuu, dada yangu ana miaka sabini na nne. Ndiye aliyenibeba mgongoni. Mtu wa namna hiyo hatumi picha baada ya miaka tisa bila sababu, na mimi usiku na mchana naziwaza sababu. Huenda anaumwa. Huenda amekonda kiasi kwamba ameona heri niione sura yake mapema. Huenda amenisamehe. Nikimpigia kumwambia sikuiona, ataona ninajifanya, kwamba nimeiona na nimedharau, na safari hii ataninunia hadi kaburini. Na nikimpigia, nitakuwa mimi niliyeanza kuongea. Sipigi. Hilo liandikeni kwenye mafaili yenu: sipigi, wala msinishauri. Lakini naogopa, na hofu hiyo mmeniletea ninyi.

Kwa hiyo, kwa heshima zote, naomba yafuatayo kabla ya Ijumaa.

Kwanza, muifungue picha hiyo huko huko kwenu, muichape kwenye karatasi isiyong'aa, muitie kwenye bahasha, na mtu mwenye mikono misafi aniletee nyumbani. Nisipokuwepo asimwachie muuza nyama.

Kama kuchapa hamwezi, basi mnitafutie mfanyakazi mmoja mwenye jicho, simtaki bwana mwenye tai, aitazame picha kisha anisimulie kwa simu: mwanga unatoka upande gani, dada amekaa au amesimama, mashavu yakoje, na hasa macho yanasema nini. Asiruke kitu.

Na hilo nalo likiwashinda, basi kampuni yenyewe impigie dada yangu, imwambie kwamba picha yake ni nzuri mno mpaka mitambo imezidiwa, kwa hiyo anaombwa aitume upya. Mimi nisitajwe. Akiuliza hali yangu, mseme niko salama na mara nyingi namtaja.

Mwisho, kama haya yote ni mazito kwenu, naomba Ijumaa isifike kwenye laini yangu. Ifike kwa wateja wengine. Mnaoweza kuzuia picha hamshindwi na siku.

Nisalimie mabinti wote watano wa simu, hasa yule wa kwanza, ana adabu, amekosa mafunzo tu. Mlinzi wa mlangoni msalimie sana. Bwana mwenye tai mwambie nimemwona. Na familia yako nyumbani, Ndugu Mkuu, wasalimie pia, na ukiwa na ndugu uliyegombana naye basi nakupa pole.

Ni mimi mteja wenu, kwa kukosa pa kwenda,

Mzee Tabasamu
Mpiga picha mstaafu

N.B. Nilikuwa nimeshaikunja barua hii nikaona lalamiko la tatu linakosa ushahidi. Nikaitoa simu kwenye droo, nikawasha hiyo data yenu, kusudi niandike kwa mkono wangu kwamba nimewasha na haikusaidia. Picha iliingia kabla sijaishika kalamu.

Ni picha mbaya sana. Tangu nianze kazi sijaona picha mbaya namna ile. Nusu yake ni kidole gumba, nusu nyingine ni mguu wa meza na kandambili moja, na yote imetikisika. Ilinichefua hasa. Nikampigia hapo hapo kumuuliza ni nani aliyemfundisha kushika simu hivyo. Akaniuliza nani mwenzangu. Nikasema ni mimi. Akasema hajanitumia picha yoyote. Alikuwa ameifungua namba yangu tu, kama anavyofanya siku nyingine, anaitazama, na kidole kikateleza, simu ikapiga picha na kuituma yenyewe. Tumeongea mpaka sikio likawaka moto. Ni mzima. Bado anapenda kunikatiza.

Kwa hiyo barua hii mnaweza kuichana. Kuna jambo moja tu. Dada naye ana ujumbe wa picha alioletewa na mwanawe, umemgomea tangu jana, na jinsi alivyonieleza nimeshaujua ugonjwa wake. Ningeweza kumwambia maneno mawili kwenye simu, yakaisha. Nimemwambia tatizo ni kubwa, simu inatakiwa ifike mikononi mwangu, na anakuja nayo Jumamosi kwa basi la kwanza. Sasa akiwapigia ninyi kabla ya hapo, nawasihi wote, na bwana mwenye tai nampigia magoti: msimwambie awashe data.