Kiti cha Mbele katika Ukumbi wa Kamembe

Jumatatu, 9 Juni

Kosa la wengi wanaokwenda kuona mchezo wa kuigiza ni kudhani kazi ya mtazamaji ni kutazama. Sivyo. Kazi ya kwanza ni kiti. Anayekaa nyuma huona visogo tu, na visogo vya Kamembe nimevifundisha vyote. Havina jipya.

Jumamosi mchana binti yangu Joselyne ataigiza katika ule ukumbi mdogo juu ya soko. Yeye ni mjane anayeingia sehemu ya mwisho kabisa na kufichua nani alichoma ghala. Mgeni atatoka Kigali, mtu wa kikundi kikubwa, kuja kuchagua mwigizaji mmoja. Joselyne hali, halali. Ameniomba nikae benchi la nyuma nisiseme neno. Eti siku ya mazoezi nilimsahihisha mno. Nilimsahihisha vizuri!

Jumanne, 10 Juni

Bashige, jirani yetu mwenye asili ya Bukavu, ng'ambo ya mpaka kule Kongo, amepewa kiti cha mbele. Kwa sababu gani? Amewaazima waigizaji vitenge. Mimi nimewaazima mwigizaji mzima!

Nilipopita dukani kwake amenena kwa sauti, wateja wakisikia: "Mwalimu, usiogope. Nitakueleza byote byenye bitapita kule mbele."

Kunieleza. Mimi. Nimenunua uzi ambao sikuuhitaji, nikaondoka.

Alhamisi, 12 Juni

Nimekwenda kwa Gisa, kiongozi wa kikundi cha akina Joselyne, kumfafanulia haki za mzazi. Alinisikiliza amesimama, kisha ameketi, kisha alikuwa hayupo tena. Kabla ya kutoweka alisema viti vya mbele ni vya wageni, na mzazi si mgeni.

Vema. Nitakuwa mgeni. Hapa kwetu hakuna anayemuuliza jina mzee mwenye suti. Ni kumvunjia heshima. Patricie, mke wangu, amenipigia pasi suti bila kuuliza kitu. Dalili mbaya. Patricie asipouliza, ujue jibu analo.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefaulu! Nimechelewa kwa makusudi, maana mkubwa hawahi. Patricie ametangulia kwa miguu. Mimi nimeshuka mlangoni kutoka gari la kukodi. Binti wa protokoli, mpokea wageni, ameniuliza, kwa adabu, kama ndimi mgeni wa Kigali. Nimekohoa. Kukohoa si uongo. Amenipeleka kiti cha katikati, chenye kitambaa cheupe na chupa ya maji. Bashige, pale pembeni, ameacha kutafuna karanga.

Kisha jambo ambalo sikulipanga. Anayekaa katikati ndiye hupewa neno la ufunguzi. Nimeletewa kipaza sauti. Gisa alichungulia kwenye pazia, akanitambua, akashika kichwa. Lakini kumnyang'anya mzee kipaza sauti mbele ya watu? Nani angethubutu?

Nimeeleza chanzo cha michezo ya kuigiza, tangu watu wa kale. Nimeeleza tofauti ya kuigiza na kuiga, ambayo vijana hawaijui. Mwishowe, ili watu wasisumbuke kukisia, nimeeleza nani alichoma ghala. Pazia lilipofunguliwa, jua lilikuwa limehamia upande wa Kongo, jioni inaingia. Watu walipiga makofi sana nilipokaa. Sana.

Joselyne ameigiza bila kosa hata moja. Nilikuwa tayari kumsahihisha, sikupata nafasi.

Jumapili, 15 Juni

Hakuna aliyekwenda kanisani nami.

Mgeni halisi alikuwepo. Alifika kwa pikipiki, begi mgongoni, shati limekunjamana. Nani angejua? Aliambiwa mgeni wa Kigali amekwisha kuketi, akabanwa benchi la nyuma, akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatazama sehemu mbili za mwanzo, akaondoka kuwahi basi la mwisho. Mjane alikuwa bado hajaingia.

Patricie ameniuliza nilijitambulisha kuwa nani. Nimejibu kwamba sikujitambulisha.

"Ndiyo hiyo," amesema, akarudi jikoni.

Joselyne alisimama mlangoni, bado ana wanja wa jana. Nimemweleza kwamba wageni wa Kigali hawajui kuvaa, na kwamba wengine watakuja. Aliacha nimalize. Kisha akasema, polepole kama anayeongea na mgonjwa: "Papa, ule muntu alikuya juu ya kuniona mie. Na amesikia wewe tu."

Hakulia. Ningependa alie. Mtoto anayelia huwa unajua la kumwambia.

Jumatatu, 16 Juni

Joselyne ameondoka asubuhi kwenda kwa shangazi yake, Nzahaha. Hakuaga upande wangu wa nyumba. Bashige amenipa pole kwa upole kabisa, bila mzaha, na hilo limeniuma kuliko mizaha yake yote.

Nimetafakari kwa utulivu, kama inavyompasa mtu aliyesoma. Kosa nimeliona. Kipaza sauti kile ni kibovu. Benchi la nyuma halisikii vizuri. Nilisema wazi kwamba mjane huingia mwishoni. Mgeni angesikia hilo, basi lingeondoka bila yeye.

Nasikia kikundi kitaigiza Nzahaha mwezi ujao, uwanjani. Joselyne hajaniambia, amesahau, bila shaka. Uwanjani hakuna viti vya mbele wala vya nyuma, na upepo ni mkali. Kwa hiyo wewe mzazi mwenye mtoto mwigizaji, usingoje siku yenyewe. Nenda sokoni leo, ununue megafoni.