Kaimu na Pipa la Wanaocheka

Jumatatu, 3 Machi

Bosi karudi kutoka semina. Dalili zote anazo. Katuita uani kabla mashine hazijawashwa, na kitambulisho cha semina bado kinaning'inia shingoni. Akatangaza kwamba kuanzia leo kiwanda chetu cha mafagio na brashi kitaendeshwa kwa mambo matatu: tija, ustawi wa wafanyakazi, na maendeleo endelevu. Tukapiga makofi. Hakuna aliyeelewa, lakini kupiga makofi hakukatwi kwenye mshahara.

Ufafanuzi ukafuata. Kuna wanunuzi wapya kutoka ng'ambo. Hao, kwa maelezo ya Bosi, hawanunui fagio mpaka wajue aliyelifunga alikuwa anacheka. Kwa hiyo kaajiriwa mtaalamu, mwanamke mpole mwenye sauti ya kumlaza mtoto. Kufika saa ya chai tulishambatiza Bibi Ustawi. Kaweka mapipa mawili getini. Moja limechorwa uso unaocheka, la pili uso ulionuna. Kila mtu akitoka jioni anatupia kizibo cha soda kwenye pipa linalofanana na siku yake. Idara yangu, Ufungashaji, vizibo vya njano. Chumba cha Nyuzi, vya bluu.

Halafu habari yenyewe! Mkuu wa idara atakayeleta furaha kuliko wenzake atakuwa Msimamizi Mkuu wa kiwanda kizima.

Moyo ukaruka. Mimi ni Kaimu Mkuu wa Ufungashaji. Nakaimu tangu mkuu wa zamani alipoomba ruhusa ya kwenda kung'oa jino, akaona huko nje kuzuri. Nimekaimu mpaka jina langu limesahaulika. Getini naitwa Kaimu. Dukani Kaimu. Nyumbani mama mkwe akitaka chumvi anasema Kaimu, hebu sogeza hiyo chumvi. Sasa basi!

Mpinzani mmoja tu: mkuu wa Chumba cha Nyuzi. Ni kaka wa mke wangu. Ni mkuu kamili, na anajua.

Jumanne, 4 Machi

Nimewahutubia watu wangu kuhusu furaha. Hotuba nzuri. Ilimaliza muda wote wa chai.

Bi Kamba, anayefunga mafungu ya mafagio na asiyefunga mdomo, aliuliza kama furaha haiwezi kusubiri watu wanywe kwanza. Nikamwambia huo ndio mtazamo unaorudisha nyuma uchumi.

Jioni, getini. Vizibo vya njano vyote ndani ya pipa lililonuna. Vyote! Hata changu. Nilikuwa naangalia wengine, nikakosea pipa.

Shemeji akapita anapiga mluzi. Akaniuliza vipi shemeji, huko kwenu mmefiwa?

Jumatano, 5 Machi

Sijalala. Nimefikiri. Nimepata!

Vizibo havina majina. Vina rangi tu. Na rangi ya njano ninayo, kopo zima, ile ya mipini ya mafagio. Nimezoa vizibo vya bure kwa muuza soda. Nilimwambia ni vya utafiti. Nimevipaka nyuma ya nyumba.

Mke wangu akaona vidole vyangu, akaita mama yake. Wakasimama wananichungulia macho. Mama mkwe akasema ni ini, hata mjomba wake alianza hivi hivi. Nikanyweshwa kitu kichungu. Nilikunywa bila kulalamika. Kiongozi hutunza siri.

Jioni nilitembea kiwandani mifuko ikilia kama mkanda wa mcheza ngoma. Getini nikainama kufunga kamba za viatu kando ya pipa linalocheka. Nikamimina. Mlinzi akasema Kaimu, viatu vyako havina kamba. Nikamshukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi! Kisha kitu kingine.

Bosi alituita uani. Akasema Ufungashaji wamefurahi kupita idadi yao. Bibi Ustawi alieleza kwa ile sauti yake kwamba huenda wapo wanaofurahi zaidi ya mara moja. Bosi akanipa mkono mbele ya watu. Mikono ikagandana kidogo, rangi haijakauka vizuri. Nikasubiri cheo.

Bosi akasema cheo ni Ijumaa ijayo, wanunuzi wakifika. Kwa leo ni hatua za ustawi. Kwa kuwa Ufungashaji wamejaa furaha mpaka inamwagika, hawana haja na feni yao. Feni iende Chumba cha Nyuzi, ambako kuna vizibo vichache vya huzuni. Tena, kwa moyo wao huo mkunjufu, Ufungashaji watafagia na Chumba cha Nyuzi.

Feni ikabebwa mbele ya macho yetu.  

Bi Kamba alingoja Bosi aondoke. Akaniuliza, Kaimu, hiyo furaha umeitoa wapi? Maana hapa tumetafutana tukaikosa.

Ijumaa, 7 Machi

Joto. Maboksi yanalegea, gundi ya karatasi haishiki, watu hawanijibu. Nikisema habari za asubuhi wanaangalia pale feni ilipokuwa.

Chumba cha Nyuzi kuna upepo kama mlimani. Nimepita na ufagio nikajionea. Shemeji amevaa sweta! Akaniomba niwe mwangalifu chini ya meza yake, kuna vumbi nimeliacha.

Jumapili, 9 Machi

Shemeji kaja kula kwetu. Mama mkwe kampa pande la nyama lenye mafuta, mimi kanipa la ushauri, yaani mfupa. Akamwuliza mwanawe mbona sauti imekauka. Shemeji akasema ni baridi ya kazini, Mama. Mke wangu akanifinya chini ya meza, nikameza nilichotaka kusema.

Lakini hapo hapo, mfupa mdomoni, mpango ukanijia.

Ukifurahi, unanyang'anywa feni. Sawa. Sasa shemeji na watu wake wakifurahi sana? Watanyang'anywa wao! Feni inarudi kwangu. Watu wangu wanacheka kwa kweli, bila kopo la rangi. Ijumaa nashinda. Nimeupekua mpango huu juu na chini, hauna tundu.

Nitawafurahisha mpaka wajute.

Jumatatu, 10 Machi

Asubuhi nimewaambia watu wangu nina kazi maalumu, wajiendeshe wenyewe. Bi Kamba aliuliza mpaka lini. Nikasema mpaka ikamilike. Akasema nisiharakishe. Nimeguswa. Wameanza kunijali.

Nikahamia Chumba cha Nyuzi. Nilibeba biskuti na redio ya mama mkwe. Nikawachekesha. Nikasimulia siku niliyojifungia stoo nikajiandikia barua ya onyo kwa kuchelewa. Fundi gundi alicheka mpaka akagandisha brashi kwenye suruali yake. Aliyechoka, nilikaa mahali pake nikachomeka nyuzi kwenye vibao vya brashi. Vidole vimetobolewa kama chujio.

Shemeji alinivuta pembeni. Shemeji, kuna nini? Umekosana na dada? Unaumwa? Nikamjibu ni undugu tu. Alizidi kuogopa.

Jumanne, 11 Machi

Vizibo vya bluu, vyote kwenye pipa linalocheka! Kazi ya mikono yangu!

Nikaenda kusimama nje ya ofisi ya Bosi kungoja feni ihamishwe. Nikangoja. Mwishoni nikagonga. Nikamweleza kwa heshima kwamba Chumba cha Nyuzi sasa wana furaha, kwa hiyo kwa utaratibu ule ule, feni...

Bosi alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekaa kiti cha mbele kwenye semina. Akasema hapana, sasa wanaingia kwenye hatua ya endelevu. Na maana ya endelevu ni kwamba kitu kikishafanya kazi hakiguswi.

Kwa nini haikuwa endelevu ilipokuwa kwetu? Sikuuliza. Nilikuwa nimeshatoka, nikaulizia kwenye korido.

Jumatano, 12 Machi

Sirudi nyuma. Nikiongeza furaha, itafika mahali wataomba wenyewe feni iondolewe. Leo nimewaimbia.

Jambo la ajabu jioni. Vizibo vya njano kwenye pipa linalocheka! Vingi! Na si mimi! Nikashuku mtu kaniibia mbinu. Nikachomoa kimoja, nikakikwaruza kwa msumari. Rangi halali, ya Bibi Ustawi mwenyewe.

Nimelifikiria njia nzima. Jibu ni moja: hotuba yangu ya Jumanne ile. Ilikuwa nzito, imechukua muda kuwaingia.

Alhamisi, 13 Machi

Njano tena, mpaka mdomoni mwa pipa. Hawana feni, wana joto, wanafagia vyumba viwili, na wanacheka! Nimepita dirishani nikasikia. Nilipochungulia wakanyamaza. Adabu hiyo.

Nimepiga pasi shati. Mke wangu kaniombea. Mama mkwe kasema ikipatikana hiyo nafasi nimrudishie na betri za redio yake.

Ijumaa, 14 Machi

Niandike tu.

Wanunuzi walifika na mkalimani. Bosi akatangaza Msimamizi Mkuu: mkuu wa Chumba cha Nyuzi, kwa kuinua furaha ya idara kwa muda mfupi kuliko ilivyowahi kuonekana. Watu wa Nyuzi wakampigia vigelegele. Fundi gundi akanipungia mkono, asante kwa biskuti.

Nilishika ukuta.

Bibi Ustawi akaomba kuongeza neno. Akasema hata hivyo maajabu yenyewe yako Ufungashaji. Idara imeondolewa feni, imeongezewa kazi, na tangu Jumatatu inafunga maboksi kuliko wakati wowote, watu wakiwa wanaimba. Nikasimama wima. Kumbe bado! Akasema amewauliza mmoja mmoja ni nini kimebadilika, na wote wamejibu neno moja.

Bosi akataka kulisikia. Bi Kamba akasukumwa mbele. Akajifuta mikono kwenye kanga ya kazi, akasema, Kaimu hayupo.

Wanunuzi waliomba watafsiriwe tena. Bi Kamba akaona haya, akarekebisha kwamba hawana ubaya na mimi hata kidogo, ni mtu mzuri sana nikiwa mbali. Wanunuzi wakauliza kama hali hiyo ni endelevu.

Bosi alinitazama. Uwanja mzima ulinitazama.

Wametia saini. Mimi nimepewa likizo yenye mshahara mpaka nitakapoitwa. Amri ya kwanza ya Msimamizi Mkuu mpya. Alinishika bega akasema, shemeji, nenda kapumzike, usije hata kusalimia.

Jumamosi, 15 Machi

Nyumbani. Nimemwonyesha mke wangu namna bora ya kukunja nguo. Nimemweleza mama mkwe makosa yake katika kuosha masufuria. Kufika mchana mke wangu kaniuliza kwa upole kama sina rafiki. Nimetoka, nimezunguka mtaa. Niliporudi nikasikia vicheko ndani, nikaingia, vikakatika.

Nimekaa chini. Nimewaza sana. Kwa mara ya kwanza nimejitazama mtu mzima kama nilivyo.

Na nimeona nisichokuwa nakiona!

Jumatatu, 17 Machi

Kipaji! Miaka yote nakaimu, kumbe nina kipaji ambacho wanunuzi wa ng'ambo wamekitilia saini. Feni inapoza chumba kimoja. Mimi nikiondoka, idara nzima inapoa. Sili umeme. Sina moshi. Kama hayo si maendeleo endelevu, basi semina ilikuwa ya nini? Na huku hakuna kukaimu. Mtu hawezi kuwa kaimu wa kutokuwepo. Hayupo, basi hayupo, kikamilifu!

Asubuhi nimekwenda kiwanda cha maboksi, barabara ya pili, kuwauzia huduma. Nakaa nao wiki mbili, kisha naondoka kwa malipo. Meneja alinikaribisha vizuri. Nikaanza na majaribio ya bure: nikamweleza jinsi ya kupanga meza yake, jinsi ya kuzungumza na katibu wake, na kosa lililo kwenye saini yake. Sijamaliza la tatu akaniomba nitoke.

Nikatoka. Nikasimama dirishani kuangalia. Alijinyoosha kwenye kiti, akafumba macho, akatabasamu.

Inafanya kazi! Kesho narudi, tuzungumzie bei.