Mama Mkwe Yumo Ndani ya Redio

Kijiji cha Nyakiruru,
Kati ya Butiama na Bunda.
20 Novemba, 1988

Kwa Ndugu Mratibu,
Mradi wa Redio za Usalama Vijijini,
Musoma.

Ndugu Mratibu,

YAH: OMBI LA KUVUNJIWA NDOA NA MRADI WAKO

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na gari lenu jeupe likiwa zima pia. Sisi hapa hatujambo, isipokuwa jirani yangu Wankyo, mjane, ambaye maksai wake wawili wameibwa, mvua imeshanyesha, na plau yake imeegemea ukuta ikishika kutu. Habari yake ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nitachelewa kidogo kuifikia, kwa kuwa nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote na sijazoea kumpa mtu jibu kabla hajaelewa swali.

Kwanza nishukuru. Mlituletea redio ya upepo wakati hata sabuni tulikuwa tunaipangia foleni. Sisi tuliozoea kufukuzana na wezi wa ng'ombe kwa miguu mkatupa chombo kinachofika polisi kabla mwizi hajamaliza kufungua zizi. Mkaleta mtaalamu kutoka nchi ya mbali, mtu mpole sana, anayekunywa maji yake mwenyewe. Mkawachukua vijana wetu wawili kwenda semina kule Makoko, mkawalaza kwenye magodoro, mkawalisha sato na wali, na wakarudi na vyeti vyenye picha ya mlingoti. Hapo hatuna neno. Malalamiko yangu yametokana na mafanikio ya semina hiyo, nami nayapanga kwa namba ili ofisi yako isipate taabu kujua ni lipi haikulijibu.

1. Semina yenu ilifunga ndoa.

Mmoja wa vijana hao ni Magige, mtoto wa marehemu kaka yangu. Darasani aliwekwa dawati moja na Koplo Jenoveva, mama wa makamo, mwendesha redio wa kituo kidogo cha polisi kilicho njia ya Bunda, ambacho ndicho redio yetu inaongea nacho. Mtaalamu aliwakalisha pamoja makusudi, wazoeane sauti. Wakazoeana. Koplo ana binti anayeitwa Boke, aliyekuwa akija jioni kumletea mama yake nguo safi. Magige akazoeana na huyo pia. Alikwenda kujifunza redio, akarudi na cheti na mchumba. Mimi ndiye niliyetumwa kuposa, ng'ombe wakatoka, Boke akaja, na sasa wana mtoto. Sisemi haya kwa kulaumu, bali kuonyesha mahali hitilafu ilipoanzia. Bila posho yenu Magige asingekuwa na shati la kuvaa mbele ya Boke.

2. Mtaalamu wenu alituuliza juu ya vilima, miti na radi. Hakuuliza juu ya wakwe.

Ngoja nieleze polepole. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawapeani mikono, hawali pamoja. Wakikaribiana njiani, kijana huingia kichakani mpaka mama apite. Na mama mkwe haingii chumba anacholala mume wa binti yake, hata nyumba ikiungua. Huu si ugomvi. Ni heshima, na kijana anayempenda sana mama mkwe wake ndiye anayekimbia kwa kasi zaidi. Magige anampenda mno.

Sasa soma masharti ya Mradi wako: redio ikae katika nyumba ya bati, katika chumba chenye kufuli. Nyumba ya bati iliyo ya mwenye cheti hapa kijijini ni ya Magige, na chumba chenye kufuli ni kile anacholala na Boke. Redio ikafungwa kichwani mwa kitanda. Umeshaona, Ndugu Mratibu? Kila asubuhi Koplo Jenoveva anapobonyeza kitufe na kusema, "Nyakiruru, Nyakiruru, mnanipata? Ova," mama mkwe ameingia chumbani. Magige hutoka mbio na alichovaa, au asichovaa, kwa mlango au kwa dirisha, akaenda kusimama nyuma ya ghala la mtama mpaka sauti ikome. Watoto wa shule wanajua wamechelewa wakikuta ameshatoka dirishani.

Tangu redio ifungwe, Magige hajasema nayo neno hata moja. Katika ripoti yenu nimesoma kwamba Nyakiruru ni kijiji cha mfano, chenye hali shwari kuliko vyote, kwa kuwa hakijawahi kuita.

3. Mwenye cheti wa pili ni Ngolo, ambaye hana mkwe polisi. Yeye posho yake aliinunulia belo la mitumba, na siku hizi za ruksa ya biashara anauza makoti pale sokoni Mwigobero. Nilimfuata. Nikamwambia kijiji kinamhitaji kwenye redio. Akaniuliza, "Mzee, hiyo redio ina mshahara?" Nikamjibu ni kazi ya kujitolea. Akanijibu, "Basi jaribu hili koti, Mzee, limekukaa." Ni koti zuri, ninaandika nikiwa nimelivaa.

4. Mlituondolea yowe.

Zamani mtu yeyote akiona mwizi alipiga yowe. Aliyesikia alipiga la kwake na kukimbilia lilikotoka, na asiyekwenda alitozwa faini. Bibi kizee asiye na meno aliliweza, bila semina wala betri. Mtaalamu akasema yowe linazuia redio isisikike, tena linamshtua mwizi. Kamati ya sungusungu ikakaa, ikaamua: redio kwanza, na yowe baada ya redio kujibiwa. Watu wakapiga makofi. Nafikiri na wezi, huko waliko, walipiga.

5. Maksai wa Wankyo.

Jumapili moja mwezi uliopita, baada ya ibada, mchana kweupe, Wankyo aliwaona watu wawili wakiwaswaga maksai wake kutoka malishoni kuelekea bondeni. Mmoja ni mweusi aliyevunjika pembe, mwingine wa kijivu. Hao ndio wanaomlimia shamba la pamba na la mihogo; hana kijana wala fedha ya kukodi. Hakupiga yowe, maana ni mtu wa kutii maazimio. Alikimbia hadi kwa Magige akisema, "Ita polisi, baba, maksai wangu wanakwenda!"

Magige akawasha redio. Sauti ya Koplo Jenoveva ikatoka. Magige akawa nyuma ya ghala.

Wankyo akashika maiki mwenyewe. Kutoka nyuma ya ghala ikasikika sauti, "Mama, weka chini! Huna cheti!" Akaweka chini. Ikabidi Boke aitwe kisimani. Boke naye hana cheti, lakini wajumbe wa kamati waliokuwapo walijadiliana wakaona mtoto wa koplo ni sawa na nusu ya cheti. Boke akasema, "Shikamoo mama, ova." Mama akaitikia marahaba, akauliza mtoto anaendeleaje, ova. Homa imepoa, ova. Amenyonya? Amenyonya, ova. Na huko mmepata mvua? Ndugu Mratibu, hakuna binti anayeweza kumrukia mama yake na habari za wizi kabla hajajibu habari za mtoto. Hata wewe una mama. Muda wote huo Magige alikuwa kule nyuma ya ghala akiweka vidole viwili kichwani kuonyesha pembe, akirukaruka, na wageni waliopita walimwonea huruma Boke kwa kuolewa na mtu wa namna ile. Hatimaye Boke akasema, "Mama, kuna ng'ombe..." na betri ikaisha.

Nimeambiwa kwamba upande wa pili Koplo alifurahi sana. Alidhani tunamwongezea mahari.

Ndipo tukapiga yowe. Wezi walikuwa wamekwishavuka barabara.

6. Sitasema hamkuja. Mlikuja, magari mawili. Wataalamu walipima chumba, walipima ghala, walimpima hata Magige kwa macho. Wakaandika kwamba tatizo ni mawasiliano hafifu, wakashauri mlingoti uongezwe urefu. Umeongezwa. Sasa sauti ya mama mkwe inasikika mpaka uani, na Magige analazimika kukimbia mbali zaidi.

Baada ya kutafakari nimeona kwamba njia zote zimezibwa isipokuwa moja. Koplo hawezi kuhamishwa, kwa kuwa kituoni kwake ni yeye tu aliyefundishwa. Magige hawezi kubadilishwa, kwa kuwa awamu ya kwanza ya mafunzo imekwisha, ya pili inasubiri tathmini, na tathmini inasubiri petroli. Redio haiwezi kuhama kwa sababu ya bati. Mila haiwezi kuahirishwa, maana haina ofisi ambako mtu angepeleka barua. Kilichobaki kinachoweza kufunguliwa ni ndoa. Kwa hiyo naomba:

(a) Mradi uivunje ndoa ya Magige na Boke, rasmi, kama mnavyofungua kifaa kilichofungwa vibaya, na mahari irudishwe kutoka fungu la vipuri.

(b) Mtaalamu mwenyewe aje amweleze Boke, ikiwezekana kwa michoro, kwamba hakuna alichokosea.

(c) Wakati taratibu hizi zikiendelea, wezi waombwe kusubiri. Ikiwa ni vigumu kuwapata mmoja mmoja, waiteni semina. Mkitangaza posho watakuja wote, hata wa wilaya jirani, na kwa muda watakaokuwa kwenye magodoro ya Makoko sisi tutalima kwa amani. Nashauri semina yao iwe ndefu, na irudiwe kila msimu.

(d) Katika mafunzo yajayo asipokelewe askari yeyote mwenye binti ambaye hajaolewa.

Najua ombi la kwanza ni zito. Mimi niliyeposa ndiye ninayeomba kuvunja, na usidhani kalamu ni nyepesi. Lakini kila nikitoka nje naiona ile plau ukutani kwa Wankyo, na yeye ameinama na jembe la mkono. Nimemweleza Magige pia. Akasema anauachia Mradi uamue.

Nisalimie mtaalamu na familia yake, dereva wenu aliyetusaidia kubeba mihogo, na mpishi wa Makoko ambaye sato wake wanatajwa hapa hadi leo. Wasalimie na wote wa ofisini, hata yule wa masijala atakayeiweka barua hii chini ya nyingine. Wankyo anakusalimu, ila amenikataza kuandika alichosema baada ya salamu.

Ni mimi, mwenye kusubiri jibu lako nikiwa na koti la Ngolo na subira yangu mwenyewe,

Silasi Burito,
Mwalimu mstaafu.

Nyongeza:

Barua hii ilikaa kwangu ikingoja lori la pamba liende Musoma kupitia njia ya Bunda, na katika kungoja Boke akapata habari za yaliyomo. Alikuja akasimama mlangoni. Mimi alinisamehe upesi. Alisema, "Wewe, baba, ni mwalimu, umezoea kufuta ubao." Kilichomuuma ni kusikia mumewe ameuachia Mradi uamue. Alifunga nguo zake, akambeba mtoto, akapanda lori hilohilo nililokuwa nikilingoja, akaenda kwa mama yake kituoni; barua ikabaki mezani kwangu.

Ndugu Mratibu, betri iliyokosekana kwa ajili ya maksai ilipatikana kabla jua halijazama. Magige aliifuata kwa baiskeli kwa mwenye mashine ya kusaga, akairudisha imejaa. Akaingia chumbani, akafunga mlango, akabonyeza kitufe. Kijiji kizima kilikuwa dirishani. Tukamsikia kwa masikio yetu: "Koplo Jenoveva. Mama. Mama mkwe wangu. Nakuomba usizime. Naomba kusema na Boke. Ova." Wala hakukimbia. Na mama mkwe akamjibu, "Tumia utaratibu wa redio, kijana. Taja kituo chako kwanza. Ova."

Alikitaja. Amekuwa akikitaja tangu asubuhi hadi jioni, kila siku, na vituo vyote mpaka ziwani vimeacha kazi vinamsikiliza, vingine vinamshauri.

Juzi Wankyo alikuja akakaa kwangu. Kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, Mwalimu, ule mwiko ulikuwa wa maksai wangu tu?" Redio ilikuwa nzima. Mila ilikuwa nzima. Ila siku ile Magige mwenyewe alikuwa hajaibiwa.

Wankyo akainuka, akaenda moja kwa moja hadi chumbani kwa Magige, akamsukuma kando, akashika maiki. "Mimi ni Wankyo wa Nyakiruru. Cheti sina, na humu ndani mimi sinaga mkwe. Nyie mnaosikiliza habari za watu, sikilizeni na hii: maksai wangu wawili, mweusi wa pembe iliyovunjika na wa kijivu. Nani amewaona? Ova." Kwa kuwa wote walikuwa wakisikiliza, akajibiwa papo hapo. Mtu mmoja wa redio upande wa Murangi alisema wa kijivu yupo, alikutwa mnadani bila mwenyewe, amefungwa hapo anakula majani ya serikali. Mweusi hajaonekana.

Kwa hiyo, Ndugu Mratibu, yote niliyoyaandika hapo juu yaache, pamoja na (a) hadi (d). Ndoa msiiguse. Boke atarudi atakapotaka, na sidhani kama ana haraka. Lakini plau haivutwi na maksai mmoja, na mvua haingoji tathmini. Ninachoomba sasa ni dume mmoja wa kulimia, kwa ajili ya Wankyo, kutoka fungu lolote. Si lazima awe na cheti.

S.B.