Mota Yetu ya Harusi Isiguswe

Mheshimiwa Mkaguzi wa Usalama Viwandani,

Pokea salamu za mwanamke mwenye furaha kuliko wote mtaani kwetu. Nimeolewa mwezi uliopita na mchanganya rangi wa kile kiwanda ulichokitembelea juzi. Ni yule mrefu, mwenye nyusi nzito kama zimechorwa na malaika. Pamoja na furaha hiyo, nina malalamiko.

1. Ulikuja bila taarifa. Mwenzako aliyekuja wiki moja baada ya harusi yetu alikuwa muungwana, alipiga simu kwanza. Meneja akapata nafasi ya kufagia, kubandika bango la "Usalama Kwanza", na kumtuma mume wangu nyumbani kuchukua mota.

Mota hiyo ni zawadi yetu ya harusi. Ni ya feni ya kuvuta hewa, ina gamba zito la chuma, na ililetwa maalumu kwa chumba cha kuchanganyia rangi ili cheche ikitokea ndani yake isitoke nje. Meneja aliiona nzuri mno kukaa kwenye harufu ya thina ya kuyeyushia rangi, akatuzawadia pamoja na feni yake mbele ya wageni wote, vigelegele vikapigwa. Kule kiwandani akafunga mota ya kawaida. Basi siku ya ukaguzi wa mwenzako mota yetu ilikwenda kazini asubuhi na mume wangu, ikarudi naye jioni, wote wawili wamechoka. Nikawapokea.

2. Umeandika kwamba mvuke wa thina unaweza kushika moto. Meneja ameshajibu: "Rangi isiyonuka nani atainunua?" Anasema hapajawahi kutokea ajali, ila mlango mmoja tu uliruka, nao ulikuwa umezeeka. Utajua wewe kuliko yeye? Ofisi yake iko ng'ambo ya barabara, anaona vizuri zaidi.

3. Umetoa siku saba mota irudishwe. Je, umewahi kulala chumbani kwetu? Samahani, sikukusudia hivyo. Nasema dirisha ni moja, bati liko juu ya vichwa vyetu, na feni hiyo tumeigeuza ituvutie upepo ndani. Mume wangu akilala, upepo unamchezea nywele zenye matone ya rangi ya bluu, nami namtazama tu, usingizi wenyewe siutaki.

4. Kama kanuni zako zinataka mota ya aina hii ikae mahali penye hatari ya kuwaka moto, naomba vyumba vya maharusi viingizwe humo. Nao wachanganya rangi waagizwe kutembea polepole, wasiushtue mvuke.

Nisalimie mkeo, watoto, na karani wako aliyepiga chafya kiwandani siku nzima. Mume wangu naye angekusalimu, ila hajarudi kutoka kazini.

Wako mwenye mapenzi tele (si kwako),
Mke wa Mchanganya Rangi

Nyongeza: Ameingia sasa hivi. Hana nyusi. Eti ile mota ya kawaida ilitema cheche, mvuke ukawaka kufumba na kufumbua, ukazimika. Anacheka: "Usilie, mke wangu, moto umenibusu tu." Mheshimiwa, kumbusu mwanamume huyu ni kazi yangu peke yangu. Futa yote niliyoandika hapo juu. Mota nimeshaifungua, iko mlangoni. Usingoje siku saba, njoo kesho asubuhi ukifunge chumba kile cha kuchanganyia rangi. Na tafadhali sana, usipige simu kwanza.