Msanii wa Majivu

Paryadi alikuwa kwenye benchi la mama lishe, kusini mwa Yogyakarta, akila wali kwa fenesi changa, aliposikia riziki yake ikijadiliwa na watu wawili wasiomjua.

Mmoja alikuwa Bu Ligaya, yaani Mama Ligaya, msimamizi wa maonyesho kutoka Manila. Alikuwa amealikwa miezi mitatu kwenye nyumba ya wasanii ya mtaa wa Mantrijeron, mahali ambapo mgeni hupewa chumba, chakula na muda wa kufikiri, kisha hushukuriwa kwa kufikiri. Alikuwa akimlalamikia mwenzake kwamba ameuzunguka mji mzima akitafuta msanii aliyenyamazishwa enzi za jenerali aliyewahi kuitawala nchi. Wote aliowapata walikuwa wanasema mno. Angempata wa kweli, angemwonyesha hapa, kisha ampeleke Manila nusu mwaka kwenye nyumba kama hiyo.

Paryadi, ambaye kwa miaka ishirini alisimama juani kwenye barabara ya Malioboro akiwauzia watalii batiki za kiwandani kama kazi za sanaa, akiapa kwamba leo ndiyo siku ya mwisho ya maonyesho, aliweka kijiko chini.

"Samahani, Bu," akasema bila kugeuka. "Mambo hayo mimi siku hizi siyazungumzii."

Hapo ndipo fundi anapoachana na mbabaishaji. Mbabaishaji angeanza kueleza. Paryadi alilipa, akaondoka kwa mwendo wa mtu aliyewahi kufungwa, na kabla hajafika kona alikuwa ameshafuatwa.

Siku nne alikataa. Alikataa chai, alikataa kupigwa picha, alikataa hata kutaja alikozaliwa. Siku ya tano akakubali kusema kidogo: alikuwa mchoraji, askari walipoanza kupekua nyumba alizichoma picha zake zote kumi na mbili kwa mkono wake mwenyewe, na kilichobaki ni majivu. Bu Ligaya akaziba mdomo kwa kiganja. Akauliza kama angeweza kuyaona.

Hilo Paryadi hakuwa amelifikiria, ila halikumchukua hata pumzi moja. Yapo kijijini kwa ndugu yake, akasema. Apewe hadi Ijumaa.

Majivu aliyapata kwa Bu Ngatinah, mjane aliyechoma mishikaki ya mbuzi nyuma ya soko tangu akiwa na miaka kumi na minne. Alimwambia anayataka kwa ajili ya maua yake. Ngatinah akauliza ana maua tangu lini. Tangu Jumanne, akajibu. Mama yule akampa majivu, na mitungi ya vioo aliyowekea kaukau za kamba wa baharini, akamtazama akienda zake.

Paryadi akaibandika majina: "Mama Akisubiri", "Askari Wenye Njaa", na mengine kumi ya kuliza. Bu Ligaya alifungua mmoja, akanusa, akakunja uso.

"Pak Paryadi, mbona yananukia nyama?"

Paryadi akafumba macho. "Siku ile, Bu, mimi nilichoma picha, wao wakachoma mbuzi wangu. Moto ulikuwa mmoja."

Bu Ligaya alilia, kisha akaliandika hilo kwenye daftari.

Alasiri ya ufunguzi wa maonyesho ukumbi ulijaa. Profesa mmoja wa Bandung aliuzunguka mtungi wa tano mara tatu akitikisa kichwa. Kila kitu kilikwenda kama kilichotiwa mafuta, mpaka chakula kilipoletwa, maana nyumba ya wasanii ilikuwa imeagiza mishikaki, na mishikaki bora mjini ilikuwa ya mtu mmoja tu.

Ngatinah aliingia na sinia lake, akaiona mitungi yake. Akasoma majina, moja baada ya jingine, bila haraka. Akaweka sinia chini, akafuta mikono.

Wakati huohuo Bu Ligaya alikuwa akiuliza kama yupo aliyemfahamu msanii zamani zile. Ngatinah akapita mbele. Akasema anamfahamu, na habari ya moto ni kweli tupu.

"Ila ameficha jambo moja kwa aibu," akasema. "Aliyekuwa anachora ni mimi. Yeye alishika kiberiti tu."

Ngatinah akafungua mtungi, akanusa, akasema picha hii ilikuwa na fremu ya mkwaju. Akafungua mwingine: hii ilitiwa vifuu vya nazi. Yote yalikuwa kweli, kwa namna fulani, na hakuna mtu pale aliyeweza kushindana naye kwa majivu. Kisha akamwinamia Paryadi, akamwita Mas, yaani kaka, akanong'ona kwa Kijava, lugha ambayo Bu Ligaya hakuijua:

"Kubali, Mas. Au niwaambie haya majivu ni ya mbuzi wa Jumanne."

Paryadi akafanya kile ambacho heshima ya kazi yake ilidai. Alianguka magotini akalia kwa kwikwi, akaomba radhi ya miaka yote ile, hata profesa wa Bandung akashikiliwa asianguke. Katikati ya kilio alianza kuamini kwamba kweli alimwonea mama huyu. Ngatinah akamwekea mkono kichwani, akamsamehe, ingawa alichelewa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Manila akaenda Ngatinah, pamoja na mitungi kumi na miwili. Wateja wa nyuma ya soko hawakuweza kuachwa na njaa, kwa hiyo Paryadi akakabidhiwa jiko na kipepeo cha kupepea makaa. Bu Ligaya aliona toba hiyo ni nzuri mno, akaipiga picha.

Mwezi wa pili tangu aondoke ikaja barua. Kazi yake imependwa sana, Ngatinah aliandika. Wanataka mitungi thelathini zaidi. "Nitumie majivu ya mkwaju, Mas. Ya vifuu yanapeperuka. Na tafadhali usichanganye na ya kuku, watu wa huku wana jicho kali."

Paryadi akaisoma mara mbili, akaitia mfukoni, akageuza mishikaki iliyokuwa inaanza kuungua. Kisha akamwomba mteja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni amshikie kipepeo, akaenda sokoni kuulizia mitungi.