Poda ya Rehema na Oili ya Mkwe

Majirani zangu wa Muyeye, leo nimepatikana. Nimejifungia chumbani, nina poda mpaka ndani ya masikio, na nimeagizwa nisitoke kabla sijawaandikia haya yote bila kuruka. Aliyeniagiza nitamtaja mbele. Nyinyi someni tu.

Mnakumbuka wiki mbili zilizopita niliandika humuhumu kwenye kundi letu la mtaa kumhusu Kazungu, yule fundi wa gereji. Ujumbe bado upo, mkitaka kuutafuta: "Jihadharini na Kazungu. Nimempelekea gari abadilishe oili, amenirudishia linavuja. Na oili yangu ya zamani ameiuza." Watu kumi na mmoja mliniwekea kidole gumba. (Siwalaumu. Nawakumbusha tu kuwa nanyi mlikuwamo.)

Ushahidi wangu ulikuwa doa. Kila asubuhi nikiamka, mke wangu Sidi huwa ameshatoka na gari kwenda kazini Gede, na pale uani kwenye saruji, karibu na ukuta, kuna doa jeusi, bichi, upana wa sahani. Sasa mimi ninapoegesha gari huliingiza kichwa mbele, injini ikautazama ukuta. Kwa hiyo doa la ukutani ni doa la injini. Mnajua mimi ni mwalimu wa sayansi. Watoto wenu nawafundisha kuchunguza kwanza, kutamka baadaye. (Tafadhali mkuu wa shule asionyeshwe ujumbe huu.)

Na hiyo oili ya zamani nayo ina kisa chake. Mkwe wangu, mamake Sidi, anakaa Matsangoni, na mchwa wanamlia nyumba. Tangu nimuoe binti yake, yule mama ameniomba kitu kimoja tu: oili chafu ya gari apake nguzo zake, maana mchwa hawagusi mti uliopakwa oili. Nikamwahidi. Siku ya kubadilisha oili nikamwambia Kazungu asiimwage, anihifadhie. Nilipofika nyumbani nikatazama viti vya nyuma, hapana mtungi. Nikafungua buti, nikaona mkeka, mwamvuli na viatu vya binti yangu Rehema. Oili hapana. Nikajua kaiuza.

Basi mkwe akipiga simu, mimi namwambia, "Mama, yule fundi ni mwizi. Na gari linavuja, siwezi kulifikisha Matsangoni."

"Haya, mwanangu," hunijibu. "Mchwa nitawaambia wangoje."

Wallahi lile jibu lilikuwa linaniuma kuliko angenitukana. Jana akapiga tena, akasema hatangoja, leo anakuja mwenyewe. Nikaona hapa pana kazi. Mkwe akifika lazima nimwonyeshe kwa kidole pale injini inapovuja, ajue kwamba mkwewe si mtu wa ahadi za uongo, ni fundi ndiye aliyemharibia.

Leo Jumamosi, Sidi haendi kazini, gari lipo. Yeye huliegesha kinyumenyume, pua ikitazama geti, ili asubuhi atoke moja kwa moja. Mimi nikaligeuza, nikaliingiza kichwa mbele mpaka ukutani ili injini ikae kivulini. (Mliosoma hapo mkashtuka, nyamazeni. Mimi sikushtuka.) Nikapandisha magurudumu ya mbele juu ya mawe mawili, nikatia kabari kwenye ya nyuma, nikatandika mkeka chini.

Sidi akaja na chai. "Baba Rehema, si umwite Kazungu alitazame?"

"Nimwite mwizi aje achunguze wizi wake?"

"Basi angalau vaa suruali. Mama yuko njiani."

"Mama atafika adhuhuri," nikamwambia. Nilikuwa nimevaa kikoi, na ndani yake ile kaptura ya siku ya michezo ya shule, ambayo mshono wake wa nyuma ulianza kuachia mwaka juzi. Nani angeiona?

Nikaanza na kijiti cha kupimia oili. Nikakichomoa, nikakipangusa, nikakirudisha, nikakichomoa tena. Oili imejaa mpaka kwenye alama, haijapungua hata tone. Mtu mwenye akili zake angefunga boneti, akaenda kunywa chai. Mimi nilisema kijiti ni kibovu.

Nikaingia hatua ya pili, niliyoiona kwenye video. Unaiosha injini ikatakata, unaikausha, unainyunyizia poda kila mahali, kisha unaiwasha. Panapovuja, poda italowa, nawe utapaona wazi. Nikaosha. Nikakausha kwa fulana yangu. Poda nikaichukua kabatini, ya Rehema, kopo zima. Nilipomaliza, injini ilikuwa inanukia mtoto mchanga.

Nikawasha gari, nikarudi mbele, nikainamisha uso pale pale juu ya injini nisipitwe na kitu. Hapo ndipo feni ilipoamka.

Sikuona tena. Poda iliingia machoni, puani, ndevuni, na nilipofungua kinywa kuita jina la Mungu ikaingia huko nako. Nikajongea nyuma nikikohoa. Sidi akachungulia dirishani.

"Vipi huko?"

"Utafiti unaendelea," nikajibu.

Nilingoja nusu saa. Nikazima gari, nikakagua kila boliti, kila mpira, kila ungio. Poda kavu. Hapakuwa na palipolowa hata padogo. Nikajilaza kwenye mkeka, nikajisukuma chini ya gari na tochi ya simu. Juu yangu injini nyeupe, kavu. Chini yangu, kando ya bega, doa la leo asubuhi, bichi, limekaa sawasawa chini ya injini. Nikaligusa. Oili tupu. Chini mafuriko, juu ukame! Mwalimu wa sayansi nikalala pale nikifikiri, na matokeo ya fikira zangu yalikuwa haya: Kazungu ametoboa tundu la siri.

"Hodi wenyewe."

Sauti ile naijua. Ilikuwa saa tatu na nusu tu, na mkwe ameshafika.

Nikageuza kichwa, nikaona miguu getini. Miguu ya mkwe, na ndara zake mpya nyeupe. Kando yake viatu vingine vya kiume, vyeusi, vimelowa grisi. Vya Kazungu. Kumbe mama aliposhuka steji alianzia gereji.

"Nimekuja na huyo mwizi wako, mwanangu," akasema. "Nataka mniambie nyote wawili, mimi nikiwapo. Uko wapi?"

Sasa nyinyi ni watu wa Pwani, sina haja ya kuwaeleza mkwe ni nani. Mkwe ukikutana naye njiani unakaa pembeni apite. Mkwe hakukuti umelala chali miguu nje. Nikajisukuma kutoka kwa nguvu zangu zote, haraka haraka. Mimi nikatoka. Kikoi kilinaswa kwenye boliti, kikabaki.

Nikasimama. Uso mweupe kama pazia, ndevu nyeupe, kifua wazi, kaptura. Mtu mwingine angekimbilia ndani. Lakini mimi nimelelewa, na mkono wa adabu ukanivuta. Nikainama kumwamkia.

"Shikamoo mama."

Nilipoinama, mshono ukamaliza kazi yake. Sote wanne tuliusikia.

Mkwe alishageuka zamani, analitazama geti. "Marahaba," akalijibu geti.

Kazungu, Mungu ambariki, alikuwa anayatazama mawingu. Sidi akatoka mbio na leso, akanifunga kiunoni mbele ya watu, na leso yenyewe imeandikwa *Ulimi hauna mfupa*. Sijui ndiyo iliyokuwa karibu au aliichagua. Sijamuuliza na sitamuuliza.

"Ameshavaa?" mkwe akauliza.

"Amevaa, mama," Sidi akasema.

Mama akapiga hatua kurudi, akasimama, akainua mguu mmoja. Unyayo wa ile ndara mpya ulikuwa mweusi. "Na hii niliyoikanyaga ni nini?"

Sote tukatazama. Pale karibu na geti, nyuma kabisa ya gari, chini ya buti, palikuwa na kidoa kipya. Tukiwa tunakitazama, tone likaanguka. Likafuata jingine.

Kazungu akachuchumaa. Akagusa, akanusa, akainua macho chini ya buti, kisha akanigeukia mimi taratibu. "Mwalimu, injini ya gari hili imehamia nyuma lini?"

Akamgeukia mke wangu.

"Dada Sidi, wewe huegesha vipi?"

"Kinyumenyume. Nyuma ndiyo inakaa ukutani."

Aliitikia kwa kichwa. Nami nilikuwa nimeanza kuelewa, na natamani nisingeelewa. Nimekaa na gari hili na mke huyu miaka sita. Akaniomba nifungue buti. Akatoa mwamvuli. Akatoa viatu vya Rehema. Akatoa mkeka. Kisha akainua zulia la sakafu ya buti, jambo ambalo mimi mtafiti sikulifanya hata siku moja.

Lile shimo la tairi la akiba halikuwa na tairi, maana nililipeleka kuzibwa pancha tangu Ramadhani na sijalifuata. Badala yake palikuwa na mtungi, umelala ubavu, kifuniko kimelegea, oili imejaa shimoni na inapenya kwenye kijitundu cha chini, tone kwa tone. Ubavuni mwa mtungi pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito, mwandiko wa Kazungu: OILI YA MKWE.

"Nilikwambia siku ile," Kazungu akasema. "Nikakwambia, mwalimu, mtungi nimeutia kwenye shimo la tairi, ukifika uusimamishe. Ulikuwa kwenye simu. Ukaninyooshea kidole gumba."

Nikafungua kinywa kukana. Mkwe akaniwahi.

"Kweli. Ile simu ulikuwa unaongea na mimi. Ulikuwa unaniambia, mama, oili yako nimeipata. Nikasikia mtu akikwambia mambo ya tairi, nawe ukamwambia sawa, sawa."

 

Ningetaka hapa niwachekeshe kidogo, lakini acha niseme kama ilivyosemwa. Kazungu hakupaza sauti. Alijipangusa mikono kwenye kitambaa, kidole baada ya kidole, akasema, "Mwalimu, mimi sina cheti ukutani. Nina jina tu. Tangu uandike yale maneno, magari ya mtaa huu yananipita gerejini yakienda kwingine. Wenyewe wananipungia mkono."

Mpaka hapo nilikuwa nimeona haya ya kaptura. Hiyo ni haya ndogo, inapita. Hii haipiti. Mtu amenihifadhia oili, ameiandika jina ili isipotee, ameniambia alipoiweka, na mimi nimemwita mwizi mbele ya mtaa mzima. Nikamwambia, "Kazungu, nimekukosea. Nisamehe." Akanipa mkono. Mkono wangu ulikuwa na poda, wake una grisi, na tukaachana tukiwa na uji wa kijivu viganjani.

Mkwe hakuridhika. "Ulimchafulia jina wapi?"

"Kwenye simu, mama. Kwenye kundi la mtaa."

"Basi kamfulie hukohuko. Uandike yote. Doa uandike, poda uandike, na kaptura uandike."

"Mama, kaptura ya nini tena?"

"Mtu akiomba msamaha watu hawamalizi kusoma," akasema. "Kaptura itawafikisha mwisho."

Basi ndiyo mnaisoma. Wao wako barazani wanakunywa chai yangu. Kazungu ameikinga oili iliyobaki, inatosha nguzo moja na nusu, na nyumba ya Matsangoni ina nguzo nane. Amesema pipa lake la gereji limejaa, atanipa ya kutosha. Kesho mimi na brashi tuko Matsangoni, mkwe amekaa kwenye kigoda ananihesabia nguzo. Nitavaa suruali mbili.

Kwa hiyo jueni: gari halivuji wala halijawahi kuvuja. Kazungu si mwizi wala hajawahi kuwa. Gereji yake iko palepale, nanyi mnaompungia mkono, simameni.

Sidi amebisha mlango sasa hivi. Mama anauliza kama nimeshafika kwenye kaptura, maana anataka asomewe. Nawaomba msicheke. Na kama haiwezekani, wale kumi na mmoja mlioniwekea kidole gumba siku ile, kimwekeeni Kazungu kwanza, ndipo mnicheke.