Harusi ya Bomani na Redio ya Balozi

Jambo lilianzia kwenye ubao wa matangazo wa boma. Gozbert, karani wa bohari, husoma kila kilichoandikwa mpaka karatasi iliyofungiwa dagaa, ndiyo maana pale barazani Temeke wanamwita Gazeti. Siku hiyo alikuja alasiri, akamwamkia Bi Hamisa shikamoo, na kabla hajakaa sawasawa akalitoa.

"Nimewaona watoto wenu ubaoni. Nikodemu na Mauwa. Wamebandikwa katikati ya mnada wa baiskeli na onyo la mbwa wasiofungwa. Mwenye pingamizi ana siku ishirini na moja."

Bi Hamisa alikuwa kwenye kona yake ya kila siku, anachoma vitumbua. Mauwa ni mjukuu wake, kamlea tangu anatambaa, mama mtu alipofariki. Hakuinua uso. Akageuza kitumbua kimoja, akageuza cha pili.

"Pingamizi la nini tena," akasema Fransis, baba wa bwana harusi, mchonga vinyago. Huyu wanamwita Patasi. "Mwanangu hasilimu, Mauwa habatizwi. Serikali imeleta sheria mpya, wanakwenda bomani, wanatia sahihi, kwisha. Tumeshakubaliana."

"Mmekubaliana wanaume," akasema Bi Hamisa. "Mkeo kakubali?"

Patasi akaitazama kahawa yake. "Bernadeta kakubali boma. Shughuli ndiyo hajakubali. Kasema Mauwa akiingizwa uani kwa taarab, anakunja mkeka wake. Kasema upande utakaotoa wimbo wa kumwingiza bibi harusi ndio utakuwa umechukua mtoto."

"Na dada yangu Hija kasema hayo hayo," akasema Bi Hamisa. "Akisikia tarumbeta za kanisani anarudi Chamazi kwa miguu. Na Hija akisema miguu, ni miguu. Kwenye msiba wa shemeji alitembea kweli, kisa chumvi ya mchuzi."

Barazani wote wanawajua wale wanawake wawili.

Bi Hamisa alikuwa na lake moyoni. Siku aliyoolewa yeye, mavyaa wake aliondoka kabla wali haujapakuliwa. Miaka thelathini, kila chungu kilipoungua, kila mtoto alipougua, aliambiwa, "Ndiyo maana." Hakutaka Mauwa asikie neno hilo hata mara moja.

"Mnahangaika bure," akasema Mwinjuma. Huyu ni balozi wa nyumba kumi, baraza ni yake, na shughuli ingefanyika uani kwake. Akatoa daftari la tawi la chama mfukoni. "Ratiba isiyo na dini ipo. Miye naitumia kila mwezi. Moja, kufungua kikao. Mbili, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita."

"Kipi hicho?" akauliza Gazeti.

"Siku ya posa."

"Ile mliyogombana?"

"Ndiyo ithibitishwe. Tatu, yatokanayo."

"Yatokanayo na ndoa subirini miezi tisa, Balozi."

Balozi hakucheka. Akaipiga mstari namba tatu. "Nne, hotuba juu ya kilimo."

"Harusini?"

"Kwani maharusi hawali? Tano, mengineyo."

"Hiyo ifute," akasema Bi Hamisa. "Dada yangu akipewa mengineyo, tutalala hapo."

Ikafutwa. Patasi akauliza muziki unaingia wapi. Balozi akasema kwenye kikao hamna muziki, mkiwa na furaha mnapiga makofi. Patasi akasema mwanawe haoi tawi.

Ndipo Gazeti akanyoosha kidole kwenye dirisha la Balozi, ilipokaa redio ya mbao iliyovishwa kitambaa kama maiti wa heshima.

"Ndoa hii ni ya nani? Ya serikali. Redio ni ya nani?"

"Yangu," akasema Balozi.

"Sanduku lako. Maneno ya serikali. Basi serikali ipige na muziki. Itakayopiga imepiga, hakuna aliyechagua."

Wazo likapokelewa. Balozi alisikia uchungu kidogo kwa vile halikutoka kwake, ila redio ilitoka kwake, akapoa. Wakapanga Jumamosi kwa saa za redio. Saa tisa salamu za wasikilizaji, na miziki yake. Saa kumi kasoro robo matangazo ya vifo. Saa kumi taarifa ya habari.

"Vifo tutazima," akasema Patasi.

"Redio haizimwi vifo," akasema Balozi. "Watu watakula hapo."

"Wale pilau wakisikiliza vifo?"

"Msibani huwa hawali?"

Patasi akalirudia lake. "Na Mauwa anaingia saa ngapi? Akiingia kwenye salamu, ikaangukia taarab, Bernadeta ataikunjia mkeka hata redio."

"Atafika wapi?"

"Humjui, Gozbert. Mie nimemuoa."

Hapo wote wakamgeukia Bi Hamisa, kana kwamba jibu limo kwenye mafuta. Akaepua kikaango, akafuta mikono kwenye kanga.

"Fransis baba, mkeo anasikiliza vifo?"

"Haruki siku. Mama yake yuko Newala, anaumwa mwaka wa tatu huu. Vikisomwa, hata ugali uungue hainuki."

"Hija naye. Mwanawe wa mwisho kahamia kijiji cha ujamaa huko Rufiji, hana barua toka mwezi wa mfungo. Vikisomwa anashika redio kama anampima mtoto homa. Basi Mauwa aingie saa ya vifo."

Gazeti alikuwa na kitumbua mdomoni, akaacha kutafuna.

"Bi Hamisa, mama yangu. Bibi harusi atembee juu ya marehemu?"

"Wewe nitafutie saa nyingine ambayo wale wawili wamekaa, wamenyamaza na hakuna wimbo."

Wakatafuta. Balozi alipekua daftari mpaka kurasa za mwaka juzi. Mwisho akailamba penseli akaandika, "Saa kumi kasoro robo: vifo. Bibi harusi anaingia." Akaisoma kwa sauti, na haikusikika vibaya kuliko ratiba zake nyingine.

Siku ishirini na moja zikapita, na pingamizi halikuja. Hata mbwa walifungwa. Jumamosi asubuhi wakatia sahihi bomani, na alasiri uani kwa Balozi mikeka ikatandikwa. Betri za redio zilianikwa juani tangu alfajiri, zikatiwa zingali moto.

Salamu zikaanza. Wimbo wa kwanza ulikuwa wa dansi, wenye tarumbeta, Bi Hija akatazama miguu yake. Wa pili ulikuwa taarab, na Bernadeta akashika pindo la mkeka. Bi Hamisa, nyuma ya mlango na Mauwa, aliuona ule mkono. Bernadeta alikwishakunja pindo kiasi cha shubiri moja, muziki ukakatika, mtangazaji akasema vinafuata vifo.

Uwanja mzima kimya. Bi Hija akakiinamia kile kisanduku. Bernadeta akaacha pindo, akatega sikio.

"Nenda sasa, mwanangu," akasema Bi Hamisa. "Taratibu."

Mauwa alivuka kizingiti kwa marehemu wa Ifakara. Kwa marehemu wa Singida alikuwa katikati ya uwanja, na mtangazaji alipokuwa akitaja wanaoarifiwa Tabora na Mpwapwa, akafika, akakaa kando ya Nikodemu. Mtangazaji akasema huo ndio mwisho wa matangazo.

Newala haikutajwa. Rufiji haikutajwa.

Bernadeta akashusha pumzi, na pumzi ile ikamtoka kigelegele. Bi Hija akakidaka hewani akakipandisha. Cha kwanza kilikuwa cha mama aliye Newala na mtoto aliye Rufiji. Lakini macho yao yalipoinuka yalimkuta Mauwa mbele yao na shela lake, na cha pili kikawa chake, na cha tatu, mpaka taarifa ya habari ikaanza na haikusikika. Nyuma ya mlango, Bi Hamisa aliingiza uso kwenye kanga, akakaa humo kidogo.

Wali ukapakuliwa. Hakuna aliyeondoka.

Balozi alifunga kikao saa kumi na mbili kamili. Wageni walipotawanyika, Gazeti akalichungulia lile daftari, maana hawezi kuacha maandishi yapite. Yalikuwa yameandikwa hivi:

"Vifo: hakuna wa kwetu. Bibi harusi: kaingia. Mengineyo: hakuna."